Nimepita Runinga na Gazeti, Sasa Nataka Kuwa Wakala wa Waandishi

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Nina umri wa miaka 43. Nilianza kazi nikiwa mtafiti wa kipindi cha mahojiano katika runinga moja hapa Nairobi, nikapanda hadi kuwa mtayarishaji, kisha nikahamia gazetini ambako hadi leo ninahariri kurasa za utamaduni za toleo la Jumapili. Mwaka jana nilimsaidia mwanadiplomasia mstaafu kuandika kumbukumbu zake, na tangu hapo watu wananiletea miswada. Ninayo miwili mezani: riwaya ya Kiswahili ya binti mmoja wa Lamu, na kumbukumbu za kocha wa zamani wa kandanda. Nimeanza kufikiri kwamba kazi yangu ya kweli ni uwakala wa waandishi. Mume wangu anasema nimezoea kurukaruka na hakuna atakayeniamini. Rafiki yangu naye ananishauri nitoze ada ya kusoma, shilingi 5,000 kwa kila mswada, kwa kuwa hata dalali wa nyumba hutoza ada ya kuonyesha. Je, nimechelewa? Na niache kazi lini?"

JIBU: Marahaba, dada yangu. Umeuliza maswali mawili, lakini barua yako ina matatu. Unahofia kwamba historia yako ya kazi itasomeka kama ya mtu asiyetulia. Unataka kujua kama kazi hii itakulisha. Na la tatu, ambalo umelipitia kwa haraka kana kwamba ni jambo dogo, ni ile ada ya kusoma. Nitaanza na hilo la mwisho, kwa sababu ukilikosea, hayo mengine mawili hayatakuwa na haja ya kujibiwa.

Usitoze ada ya kusoma. Wakala wa waandishi hulipwa kwa kamisheni tu, yaani sehemu ya fedha ambazo mwandishi amekwisha kupata kutokana na mkataba ambao wakala huyo ameutafuta na kuujadili. A. P. Watt, Mskoti aliyeanzisha kazi hii mjini London katika miaka ya 1870 na ambaye wengi humhesabu kuwa wakala wa kwanza, alichukua asilimia 10. Leo kiwango cha kawaida Uingereza na Marekani ni asilimia 15 kwa mikataba ya nyumbani, na asilimia 20 kwa tafsiri na mauzo ya nje, ambako mara nyingi wakala wa pili wa nchi husika hugawana kamisheni hiyo na wa kwanza. Chama cha mawakala wa Uingereza, Association of Authors' Agents, kilichoundwa mwaka 1974, kinawazuia wanachama wake kutoza ada ya kusoma, na wenzao wa Marekani wana kanuni ya namna hiyohiyo.

Sababu ya katazo hilo ni rahisi kuiona ukifuata njia ya fedha. Wakala anayelipwa shilingi 5,000 kwa kila mswada unaofika mezani pake hupata kipato kadiri anavyopokea miswada mingi, si kadiri anavyouza vitabu. Baada ya miezi michache atagundua kwamba mswada mbaya unamlipa sawa na mzuri, na kwamba ule mbaya una nafuu yake, maana hauhitaji kazi yoyote zaidi ya barua ya kuukataa. Hapo biashara yake imekwisha kugeuka bila yeye kukusudia. Rafiki yako amemtaja dalali wa nyumba, lakini mpangaji akilipa ada ya kuonyeshwa, walau huingia ndani akaziona kuta. Mwandishi anayelipa ada ya kusomwa hana namna ya kujua kama kuna mtu aliyevuka ukurasa wa tatu.

Kama unahitaji fedha za kujikimu, toza kwa uhariri. Hiyo ni kazi halali yenye bei yake, na kwa uzoefu wako utaifanya vizuri. Sharti ni moja tu: mwandishi anayekulipa kwa uhariri asiwe mwandishi yuleyule unayemwakilisha, na umweleze hivyo kwa maandishi tangu siku ya kwanza.

Sasa nije kwenye neno la mume wako. Namheshimu kwa kuwa anasema kwa kukujali, lakini hajui watu wa kazi hii hutoka wapi. Hakuna chuo kinachotoa mawakala wa waandishi kama vyuo vinavyotoa wahasibu. Huyo Watt mwenyewe alitokea katika shughuli za uchapishaji na matangazo. Pat Kavanagh, mzaliwa wa Durban aliyekuja kuwa mmoja wa mawakala walioheshimiwa sana London hadi kifo chake mwaka 2008, alitokea kampuni ya matangazo ya biashara. Mwaka 2007 yeye na wenzake kadhaa waliondoka katika kampuni waliyokuwa wakiifanyia kazi na kushiriki kuunda nyingine, United Agents, na waandishi wengi wakawafuata. Waandishi hao hawakuwa wanalifuata jina la mlangoni, bali mtu aliyekuwa akiwapigania.

Kwetu Afrika mpaka kati ya chumba cha habari na rafu ya vitabu haujawahi kuwa mkubwa. Marehemu Ken Walibora alikuwa mtunzi wa riwaya zilizosomwa na kizazi kizima cha wanafunzi wa Kenya, na mtu huyohuyo alisoma habari runingani, akaandika safu katika Taifa Leo na kufundisha chuo kikuu. Mohammed Khelef Ghassani, aliyepata Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili mwaka 2015 kwa upande wa ushairi, ni mtangazaji wa idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa redio. Chinua Achebe alikuwa mfanyakazi wa shirika la utangazaji la Nigeria alipoandika riwaya yake ya kwanza. Alipokwenda London kwa mafunzo ya BBC mwaka 1956, mswada huo alimwonyesha mmoja wa wakufunzi wake, Gilbert Phelps, ambaye naye alikuwa mwandishi wa riwaya, na Phelps akaona kwamba unafaa kufikishwa kwa wachapishaji. Achebe akaomba kwanza aurekebishe nyumbani. Baadaye aliutuma, ukiwa nakala pekee iliyoandikwa kwa mkono, kwa kampuni ya kupiga chapa kwa taipureta iliyokuwa London, akalipa, kisha miezi ikapita bila jibu. Aliyeuokoa ni bosi wake redioni, Angela Beattie, ambaye alipokwenda likizo Uingereza alifika mwenyewe katika ofisi za kampuni ile na kutaka kujua kazi imefikia wapi. Mswada ukapigwa chapa, ukarudi, na mwaka 1958 Heinemann wakaichapisha riwaya hiyo. Phelps na Beattie hawakujiita mawakala. Hata hivyo, ukitaka kujua wakala hufanya nini kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, ni hayo mawili: kutambua kwamba kazi inafaa na kuifikisha kwa anayeweza kuichapisha, kisha kuifuatilia pale ambapo mwenyewe hawezi kufika au anaona haya kuuliza. Umri wa miaka 43 haukuzuii kufanya lolote kati ya hayo.

Ninaposema uzoefu wako ni mtaji, hata hivyo, sina maana ya kile ambacho huenda unakiwazia. Watu wengi wanaotoka runingani hudhani mtaji wao ni simu yenye namba za wakubwa. Kumbukumbu za mtu mashuhuri zina tabia yake hapa kwetu: hafla ya uzinduzi hujaa, wageni hununua nakala kwa heshima ya mwenyeji, picha hutoka gazetini, na baada ya hapo maboksi hulala stoo. Kujuana kunajaza ukumbi wa jioni moja. Mtaji wako halisi uko katika ile kazi ya mwanzo kabisa, ya utafiti wa kipindi, ambayo nadhani umeisahau kwa kuwa ilikuwa ya chini. Mtafiti hukaa na mgeni kabla ya kamera kuwashwa, akasikiliza saa nzima, kisha akatoka na sentensi mbili za kumweleza mtayarishaji kwa nini mtu huyu asikilizwe. Barua ambayo wakala humwandikia mhariri wa shirika la uchapishaji ni sentensi hizo mbili zikiwa zimepanuliwa hadi nusu ukurasa.

Yapo pia mazoea utakayolazimika kuyaacha. Runinga imekufundisha kutafuta kinachozungumzwa wiki hii, ilhali riwaya utakayoiuza leo huenda ikatoka baada ya mwaka mmoja na nusu, wakati mjadala wa wiki hii umekwisha kusahaulika. Gazeti nalo limekufundisha kukata na kunyoosha hadi kila makala isikike kwa sauti moja ya gazeti. Ukimfanyia hivyo binti wa Lamu, ukamfutia lahaja yake na ule mzunguko wa masimulizi wa watu wa visiwani, utakuwa umeondoa kitu ambacho mnunuzi angekilipia.

Nikuonyeshe kazi yenyewe kwa karibu, maana wengi huiwaza kama kula chakula cha mchana na wahariri. Chukua kipengele kimoja kinachopatikana, kwa maneno yanayokaribiana na haya, katika mikataba mingi ambayo waandishi wetu hutia sahihi bila kuuliza: "Mwandishi anamkabidhi Mchapishaji haki zote za kazi hii, katika lugha zote, nchi zote na miundo yote iliyopo na itakayobuniwa, kwa muda wote wa hakimiliki." Muda wa hakimiliki nchini Kenya na Tanzania ni maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa sentensi hiyo moja, mchapishaji mwenye uwezo wa kusambaza Nairobi, Mombasa na Kisumu amepewa filamu, kitabu cha kusikiliza, tafsiri ya Kijerumani na tamthilia ya redio, na vyote hivyo vitalala kwenye kabati lake mpaka wajukuu wa mwandishi wazeeke.

Wakala huichukua sentensi hiyo na kuivunjavunja. Haki ya kuchapa kwa Kiswahili, kwa karatasi, katika nchi za Afrika Mashariki, sawa, mchapishaji apewe kwa miaka saba au kumi. Kitabu cha kielektroniki apewe kama ataonyesha kwamba ana njia ya kukiuza. Tafsiri, filamu, runinga na sauti zibaki kwa mwandishi. Kiongezwe kipengele kwamba kitabu kikiisha dukani na kisichapwe tena ndani ya miezi kadhaa baada ya mwandishi kuomba, haki zirudi kwake. Kiongezwe kingine kwamba taarifa ya mauzo itolewe kila baada ya miezi sita, hata kama mauzo ni sifuri, na kwamba mwandishi anaweza kumtuma mhasibu kukagua hesabu. Mchapishaji mzuri atabishana nawe kuhusu miaka na nchi, na kubishana huko ni dalili njema. Asiyekubali kuzungumzia kipengele chochote amekupa taarifa muhimu kumhusu.

Baada ya hapo ndipo tuongee fedha, na hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tuseme riwaya ya binti wa Lamu imepata mchapishaji Nairobi, inauzwa kwa shilingi 800, na katika miaka miwili zimeuzwa nakala 2,000, jambo ambalo kwa riwaya ya Kiswahili isiyo kitabu teule cha shule si la kudharau. Mauzo ni shilingi 1,600,000. Mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, wa asilimia 10 ni shilingi 160,000, na asilimia 15 yako ni shilingi 24,000, sawa na shilingi 1,000 kwa mwezi. Tena hapo nimehesabu mrabaha kwa bei ya dukani. Wachapishaji wengi huhesabu kwa kiasi wanachopokea baada ya duka kuchukua sehemu yake, kwa hiyo fungu lako litapungua zaidi. Zaidi ya hayo, wachapishaji wetu wengi hupokea miswada moja kwa moja kutoka kwa waandishi, na soko lao kubwa ni vitabu vya shule, ambavyo hupitia idhini ya KICD, taasisi ya ukuzaji mitaala, huku Kenya na Taasisi ya Elimu kule Tanzania. Katika vitabu hivyo wakala hana nafasi kubwa, na mwandishi atakuwa na haki ya kukuuliza unamsaidia nini.

Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama utaishi kwa kazi hii: unamsaidia kuuza haki ambazo mchapishaji wa nyumbani hawezi kuziuza. Wewe unajua bajeti ya tamthilia ya runinga hujengwaje na nani ndani ya kituo huamua, jambo ambalo mawakala wengi waliotoka upande wa vitabu hawalijui. Mtayarishaji akitaka kushikilia haki za filamu kwa mwaka mmoja au miwili huku akitafuta wafadhili, unajua kwamba lazima alipe kwa ajili ya kushikilia huko, na kwamba muda ukiisha haki hurudi kwa mwandishi. Tafsiri ni mlango mwingine. Utahitaji sura mbili au tatu zilizotafsiriwa kwa Kiingereza na mtu anayekijua vizuri, kwa kuwa wahariri wa London na Frankfurt hawatasoma Kiswahili, na utahitaji kushirikiana na wakala aliyeko huko badala ya kujaribu kumpita. Maonyesho ya Frankfurt ya kila Oktoba ni makubwa lakini ni ghali kwa anayeanza. Ningeanza na maonyesho ya Nairobi ya kila Septemba, kisha Sharjah, katika Falme za Kiarabu, ambako wachapishaji hukutana kuuziana haki na kuna mfuko unaosaidia gharama za tafsiri. Usisahau kwamba haki husafiri pia kuja kwetu. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobeli mwaka 2021, hapakuwa na riwaya yake hata moja kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kitabu hakivuki bahari namna hiyo bila mtu wa kuandikiana barua na mwenye haki, na huyo anaweza kuwa wewe.

Hata mambo yakienda vizuri, fedha huchelewa. Mchapishaji wa nje akitoa malipo ya awali, kwa kawaida huyagawa mafungu: fungu moja wakati wa kutia sahihi, jingine mswada ukikubaliwa, na la mwisho kitabu kikitoka. Kwa hiyo kazi unayoifanya mwaka huu huenda ikakulipa kwa vipande kwa miaka mitatu. Ndiyo maana swali lako la niache kazi lini nalijibu hivi: si mwaka huu, na pengine si mwaka ujao. Anza na waandishi wachache unaoweza kuwahudumia jioni na Jumamosi, na uache mshahara pale kamisheni zilizokwisha kuandikwa kwenye mikataba, si zile unazozitumainia, zitakapofikia gharama za nyumba yako kwa mwaka mzima. Njia nyingine ambayo watu huidharau ni kuomba kazi katika idara ya haki ya shirika la uchapishaji. Mshahara ni mdogo kuliko wa runinga, lakini miaka miwili pale itakufundisha mikataba kutoka upande wa pili wa meza. Ningekuwa na umri wako na ada za shule za kulipa, ningeichagua hiyo.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza na ambalo linanitia wasiwasi zaidi ya yote. Unahariri kurasa za utamaduni, na kurasa hizo huhakiki vitabu. Siku utakapomwakilisha mwandishi, huwezi tena kuamua kama kitabu chake kihakikiwe, nani akihakiki, wala kichwa cha habari kisemeje. Mweleze mhariri mkuu kabla mtu mwingine hajamweleza, na umwombe kwa maandishi akuondoe katika uamuzi wowote unaohusu wateja wako. Soma pia mkataba wako wa ajira, kwa sababu baadhi huzuia kazi ya pembeni. Na kama kuna kipindi ulichokibuni ukiwa runingani ambacho unafikiri kingefaa kuwa kitabu, kumbuka kwamba kazi iliyofanywa kwa ajira, kwa kawaida, hakimiliki yake ni ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vinginevyo.

Mambo matatu hayawezi kumalizwa kwa barua. Kabla hujatia sahihi na mwandishi yeyote, kaa ana kwa ana na wakili anayeshughulikia hakimiliki, akuandalie mkataba mfupi wa uwakilishi unaosema kamisheni ni kiasi gani, ni ya kazi ipi, na nini kitatokea mkiachana. Ukurasa mmoja au miwili unatosha. Mwone mhasibu kuhusu kodi ya zuio, ambayo hukatwa kwenye mirabaha, na kuhusu kufungua akaunti ya wateja iliyo mbali na yako, maana fedha za mwandishi zitapita mikononi mwako na hazipaswi kulala pamoja na za sokoni. Na zile kumbukumbu za mwanadiplomasia, kama bado hazijachapwa, zipitishwe kwa wakili kwa sababu ya hatari ya kushtakiwa kwa kashfa, hasa sura zinazotaja watu walio hai. Kama hamkuandikiana nani anamiliki nini, fanyeni hivyo sasa, mkiwa bado mnaelewana.

Kuhusu miswada iliyo mezani, ya kocha ningemrudishia kwa adabu, pamoja na majina ya wachapishaji wawili anaoweza kuwaendea mwenyewe, kwa kuwa soko lake liko hapa nyumbani na hakuna utakachomwongezea kinacholingana na asilimia 15 utakayomkata. Ya binti wa Lamu isome yote, polepole, bila kalamu mkononi. Ukifika mwisho na bado unataka kumsimulia mtu mwingine, mpigie simu, umwambie kwamba hutozi chochote, umweleze pia kwamba yeye ndiye mteja wako wa kwanza ili aamue akijua hilo, na umpe tarehe utakayompa jibu la kila mchapishaji utakayemwandikia, hata kama jibu lenyewe ni kwamba hawajajibu.